Sindano Ilipinda Kwa Kona Yetu

Nianze na hii ndiyo tusipotezeane wakati. Ukiskia mtu hapa Kitengela anasema yule Mwalimu wa Fizikia aliuza shamba ya shule, mwambie akuje aniambie mimi. Niko kando ya barabara, kibanda ya mabati ya buluu, nafunga upya waya za motor za pampu zilizoungua. Akuje mchana. Nitaweka koleo chini, nimsikize mpaka amalize, halafu nimwambie vile ilikuwa, kwa sababu mimi nilikuwa ndani ya hiyo chumba. Hiyo kitu wanapigania, mimi ndiye nilikuwa nimeikalia.

Kwanza ujue Mwalimu hakuwanga anakaa. Sijasema hakupenda kukaa, nimesema hakai. Kiti yake ilikuwa mbele, tena iko na mto wa kitambaa bibi yake alishona, na hiyo mto ilizeeka bila kukaliwa. Alifundisha akitembea. Alisahihisha akitembea, kitabu mkononi, kalamu nyekundu ingine kwa sikio. Ukimsimamisha njiani umsalimie, miguu yake inaendelea kukanyaga hapo hapo, ni kama anaskia baridi. Na Kitengela saa saba mchana hakuna baridi.

Alivaa koti moja ya rangi ya udongo, na mifuko ya hiyo koti ilijaa sumaku. Misumari ilimfuata. Angetoka kwa fundi wa chuma na vipande zimeshika koti kama chawa, na hajui. Saa yake ya mkono ilikuwa imekufa kitambo juu ya hizo sumaku, lakini aliivaa, na kila mara aliiangalia, halafu anauliza, "Saa ngapi?" Akinyi, yule msichana tulikuwa kikundi moja naye, mdomo wake ni wembe, alimwambia siku moja, "Mwalimu, si uvue hiyo saa tuizike?"

"Nikiivua nitajua saa ngapi?" akasema, na hakucheka, na mpaka leo sijui kama ilikuwa mchezo.

Sumaku zenyewe alizitoa wapi? Serikali haikuleta. Alitoa kwa spika. Spika ikipasuka popote, kwa baa, kwa kanisa, Mwalimu amefika na bisibisi. Yeye alikuwa mzee wa kanisa, na kanisa ilikuwa na spika moja kubwa imekufa, akaomba, wakampa. Shida ni kwamba siku hiyo hiyo walimpa pia kaseti za kwaya, apeleke Nairobi zikanakiliwe. Akaweka zote kwa begi moja. Wiki iliyofuata kwaya wakaweka kaseti kwa redio, sauti zikatoka kama watu wanaimba wakiwa chini ya maji. Jumapili akasimama mbele ya kanisa akaungama, macho mekundu. Wakamsamehe. Akashukuru. Halafu kabla arudi nyuma akauliza, "Na ile spika ingine ya kushoto, bado inafanya?"

Ndiyo hizo sumaku alitugawia. Kila kikundi ilipewa moja, unafunga kwa kamba, asubuhi ukikuja shule unaiburuta kwa mchanga ya mto ule mkavu. Ukifika imeota ndevu nyeusi. Hiyo ndevu ni chuma iko ndani ya mchanga. Unapangusa kwa karatasi, unaweka kwa chupa. Hiyo ndiyo ilikuwa unga wetu wa chuma, ile shule zingine zinanunua. Watu wa njia walitucheka mpaka wakachoka. Makanga wa matatu angetoa kichwa kwa dirisha, "Nyinyi, mbwa yenu imekufa, bado mnaiburuta?" Na kulikuwa na mama mzee Mmaasai, jirani ya shule, sisi wote tulimwita Koko, yaani nyanya kwa Kimaasai. Yeye alisimama kwa fimbo yake katikati ya mbuzi, akituangalia tukipita.

"Hiyo mbuzi yenu haina miguu," alisema.

"Lakini inakula, Koko," Akinyi akamjibu.

"Inakula mchanga. Uza."

Chumba yetu sasa. Sikiza hapa vizuri, kwa sababu maneno yote iko hapa. Kabla ya hiyo chumba, fizikia ilifundishwa nje, chini ya paa ya stoo, na bodi ya shule ilikuwa inataka kuitoa kabisa, watoto wote wachukue bayolojia, kwa sababu bayolojia inataka majani tu na majani iko. Mwalimu akaenda nyumba kwa nyumba. Wazazi wakafanya harambee. Huyu akatoa mbao, yule akatoa mabati, mwingine akaleta lori ya murram, ule udongo mwekundu wa barabara, ya kusawazisha chini. Chumba ikasimama mwisho wa shule, upande wa Koko, mabati juu, mabati kando, chini udongo. Na mwenyekiti wa bodi, mwenye hadiwea kubwa, duka ya vifaa vya kujenga, hapa mjini, akasema mbele ya wazazi, "Tumewapa fizikia chumba. Siku chumba itaanguka, fizikia itaenda na yeye." Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Nilikuwa fomu moja, na nilikuwa mtoto wa kupigana kila siku, na hiyo somo ndiyo kitu pekee ilikuwa inanituliza. Ukiniuliza kwa nini, siwezi kukuambia. Unaweka sumaku chini ya karatasi, unamwaga unga, unagonga pole pole, na unga yenyewe inajipanga. Hakuna mtu ameipigia kelele.

Hatukutumia madawati. Madawati yalikuwa na miguu ya chuma, Mwalimu akasema chuma itachanganya dira, zile vyombo ndogo za sindano ya kuonyesha kaskazini. Kwa hivyo tulifanya chini. Kila kikundi na kona yake, katoni imelazwa kwa udongo, sumaku katikati, unasogeza dira, unaweka nukta pale sindano inaelekea, unasogeza tena, unaweka nukta, mwisho unaunganisha, unapata mistari inatoka ncha moja ikizunguka kuingia ingine. Vikundi vingine walipata mistari safi, kama mbavu. Sisi wa kona ya nyuma, karibu na mlango, mimi na Akinyi, yetu ilipinda. Upande wa sumaku ulio karibu na ukuta, kila mstari ulivutwa chini ni kama kuna mtu anauita.

Mwalimu alipita, akaangalia, akapiga mkasi nyekundu, ile alama ya kosa. "Rudia."

Tukarudia. Ikapinda.

"Rudia."

"Mwalimu, ni sindano inataka hivyo," nikasema.

"Sindano haitaki. Ni mabati ya ukuta inawasumbua. Sogezeni macho, tumieni akili. Rudia."

Muhula mzima, rudia. Niliomba tubadilishane kona na wengine, akakataa. Nikajua ananionea. Siku moja nilirusha hiyo katoni nikatoka nje, na yeye akanifuata, nikajua sasa ni kiboko. Akanipata nyuma ya choo. Akasimama, miguu inakanyaga, akasema, "Hasira ni kama moto ya waya. Ukiizungusha kwa msumari inanyanyua kitu. Ukiiwacha hivyo inachoma betri." Halafu akauliza saa ngapi. Nikarudi ndani.

Alikuwa hivyo. Hakuna upande moja kwake. Yeye mwenyewe alituambia, ukikata sumaku katikati ukitafuta kaskazini peke yake, hupati. Unapata sumaku mbili ndogo, kila moja na kaskazini na kusini yake. Kata tena, ni vile vile. "Hata binadamu," alisema, "msinitafutie mtu wa ncha moja." Huyu mtu alitufundisha stima mpaka ukaiona ikitembea kwa waya, lakini kwake nyumbani, glopu ikiungua, ni bibi yake alipanda meza. Yeye alingoja nje. Aliogopa stima vile mimi naogopa nyoka. Na alitembea na dira kwa mfuko, lakini hizi ploti za Kitengela zilimpoteza kila mara. Watoto wa fomu moja walitumwa wamtafute, wanampata anazunguka ploti ya mtu, dira mkononi, akibishana nayo.

Sasa hiyo mwaka tulikuwa fomu tatu, ardhi ilikuwa imeanza kuuzwa kama mandazi. Kila mtu na seng'enge. Mwenyekiti akaamua Koko amekula shamba ya shule. Akasema bikoni ya kona, ile chuma huwa imesimikwa kwa simiti kuonyesha mwisho wa shamba, iko ndani ya boma ya Koko, na ni yeye aliifukia. Akaenda mpaka baraza ya chifu, akasimama akamwita yule mama mwizi, mbele ya wazee wa rika ya mabwana wa dada zake, watu wa kuheshimiana naye. Koko alifunga shuka yake akaenda.

Sevea, yule wa kupima ardhi, alikuwa wa kungojewa, na mwenyekiti hakuwa mtu wa kungoja. Akakuja kwa darasa yetu. "Mwalimu, wewe si mtu wa sumaku? Hiyo bikoni iko na chuma ndani. Itafute."

Nakuambia Mwalimu alifurahi. Wacha nisimpake mafuta. Hakufikiria Koko, hakufikiria kitu, aliona somo. Macho yake yaliwaka. Tukatoka wote, sumaku za spika zimening'inizwa kwa kamba, unaipeleka karibu na ardhi pole pole, ikiwa kuna chuma chini inajivuta pembeni. Wengine na dira. Tulipanga mstari, tukaingia upande wa Koko. Mwalimu alimsalimia kwanza, "Takwenya, Koko."

"Iko," akaitikia kwa Kimaasai, akageukia mbuzi zake.

Tulitafuta mpaka jua ikatuchoma shingo. Sumaku ya kwanza ikavuta, tukachimba, ikatoka jembe bila mpini. Koko akainyakua. "Hii nilitafuta kitambo." Tukapata kijiko. Tukapata vifuniko za soda, waya, kufuli. Akinyi akapata kengele ya ng'ombe, akaipiga, mbuzi zote zikainua kichwa, tukacheka mpaka hata Koko akageuka kuficha meno. Bikoni hakuna. Mwenyekiti jasho inamtoka, anasema, "Endeleeni huko ndani, karibu na nyumba."

Hapo ndipo nilimwona Mwalimu amesimama. Miguu haikanyagi. Alikuwa anaangalia bikoni ile ingine ya barabarani, ile inaonekana, halafu anageuza kichwa pole pole kufuata mstari wa mpaka, anapita sisi, anapita seng'enge, mpaka macho yake yakafika kwa chumba yetu. Akatembea. Halafu akakimbia. Koti inagongana gong gong gong na hizo sumaku.

Tulimpata kwa kona yetu. Ametupa katoni, amepiga magoti, anachimba na ile jembe ya Koko ambayo haina mpini. Haikuwa mbali. Murram ya lori, kidogo tu, halafu simiti, na katikati ya simiti kichwa ya chuma imeshika kutu. Akaweka dira kando. Sindano ikageuka ikaielekea kama mtoto ameona mama.

Bikoni ilikuwa ndani ya chumba, karibu na mlango, upande wa shule. Maana yake chumba karibu yote, na kuta zake na harambee yake, ilikuwa imesimama kwa shamba ya Koko.

Mwenyekiti aliingia akaangalia. Akafunga mlango. "Rudisha hiyo udongo."

Mwalimu akapangusa ile chuma na kidole.

"Mwalimu, mimi naongea na wewe. Funika."

"Kesho asubuhi niko na hawa," Mwalimu akasema, akatuonyesha. "Nitawaambia nini?"

"Waambie ni mabati. Si ndiyo umekuwa ukiwaambia?"

Hapo Mwalimu alikaa. Kwa udongo, kwa kona yetu, na koti yake, miguu mbele kama mtoto. Mimi nilikuwa najua hesabu yake, hata Akinyi alijua. Chumba ikianguka fizikia imeenda, na sisi ndio fizikia. Nilitaka afunike. Naapa nilitaka. Nilikuwa naangalia mikono yake na nilikuwa naiomba, rudisha tu udongo.

Akainuka, akapangusa matako, akafungua mlango, akaenda kumwita Koko.

Yule mama aliingia akainama akaangalia hiyo chuma muda mrefu. Akaigusa na fimbo, tik.

"Mlisema mimi mwizi."

"Ndiyo, Koko," Mwalimu akasema.

"Wewe pia?"

"Mimi nilileta sumaku."

Akatingisha kichwa, kama hiyo jibu imemtosha. "Ondoeni hii nyumba. Mbuzi yangu inataka njia."

"Koko, na sisi tutasomea wapi?" Akinyi akauliza, na sauti yake haikuwa wembe tena.

"Kwenu." Akaonyesha shule na fimbo. "Kwenu ni pale. Jengeni pale."

Na alikuwa na haki! Lazima angekataa tukae, ni shamba yake. Mbao ilikuwa yetu, mabati yetu, tungebomoa asubuhi tusimamishe jioni hapo kando. Sevea alikuja baadaye, akapima, akasema ni vile vile. Lakini mwenyekiti akachukua mabati akajenga jikoni ya shule, akasema wazazi wamechoka na fizikia. Tukapelekwa bayolojia. Na siku ya gwaride, mbele ya shule yote, akasema Mwalimu amemuuzia Koko shamba ya watoto, amekula kitu. Mwalimu alikuwa amesimama na walimu wengine, anaangalia saa yake iliyokufa.

Mimi nilitoka kwa mstari. Sitakuambia maneno nilisema, mengine ni ya matusi, lakini nilisema yote na nikayasikia yakigonga ukuta. Nikaambiwa niende nikalete mzazi. Sikumleta, na sikurudi. Hiyo sijuti, wacha mtu asinihurumie. Mwalimu alihamishwa huko njia ya Magadi, kwa joto, na kila mtu akaendelea na maisha yake.

Stima nilijifundisha. Kitengela haina maji, ina visima, na visima ziko na pampu, na pampu zinaungua. Niliomba motor imekufa, nikaifungua, nikaangalia vile waya imezungushwa. Ya kwanza niliharibu. Ya pili pia. Kuna moja ilitoa moshi nikakimbia kama Mwalimu. Halafu siku moja ikazunguka.

Sasa juzi. Mchana, jua kali, kuna mzee mteja amekaa kwa benchi akingoja pampu yake, na anaongea hizo hizo porojo, ati shule ingekuwa na maabara ya ghorofa kama si yule mwalimu wa koti. Nilikuwa nimemwachia dakika, najitayarisha. Mtu akasimama mlangoni na motor ya pampu kwa toroli. Koti si ile, lakini rangi ni ile. Nywele yote nyeupe. Miguu inakanyaga hapo hapo.

"Pampu ya shule yetu imekufa. Watoto hawana maji," akasema. Halafu akaniangalia. "Wewe ni wa kona."

Nilisahau hata kumpa mkono. Nilisema tu, "Leta hapa." Nikafungua motor, mikono ikaanza kufanya kazi. Alizunguka kibanda akishika kila kitu, akiogopa swichi, akiinama. Nilikuwa naangalia waya inaenda upande gani, nimekunja mkono wa kulia, kidole gumba juu, vile alitufundisha kutafuta kaskazini ya waya iliyozungushwa. Sikujua ninafanya. Yeye aliona.

"Nani alikuonyesha?"

"Hakuna. Nilifungua nikaangalia."

Akatoa dira kwa mfuko akaiweka kwa meza yangu. Pale chuma imejaa, sindano ikayumba kama mlevi. Halafu akasema, chini chini, akiangalia hiyo sindano na si mimi, "Nilijua tangu mwaka wa kwanza kuna kitu kwa hiyo kona. Mabati ilikuwa pande zote. Haingepinda kwenu peke yenu. Nilitaka iwe mabati."

Koleo ikanisimama mkononi. Fikiria. Miaka yote nimepigania huyu mtu. Kila rudia, kila mkasi nyekundu, na alikuwa anajua. Damu ilipanda, niliiskia kwa masikio.

"Mistari yenu ilikuwa sawa," akasema, bado chini.

"Rudia," nikasema.

Akainua macho.

"Rudia, Mwalimu. Huyu mzee wa benchi hajaskia."

Akaweka miguu pamoja. Akasimama wima, vile alisimama darasani akitaka hata wa nyuma waandike. "Mistari yao ilikuwa sawa!" Barabara ilimskia. "Bikoni ilikuwa pale, sindano ilinionyesha, watoto walinionyesha, na mimi nikawaandikia makosa, kwa sababu nilipenda ile chumba!"

Yule mzee mteja alimwangalia, akaniangalia. "Ni wewe?" akamuuliza. "Ulijua, na bado ukafukua?"

"Nilichelewa kufukua."

Mzee akasogea kwa benchi, akapangusa nafasi na kiganja. Mwalimu akaangalia hiyo nafasi, akaangalia saa yake ya mkono, akaniuliza saa ngapi. Na akakaa. Alikaa mpaka nikamaliza motor yake, na yake nilimaliza kwanza.

Kwa hivyo ile kosa yake mimi naijua. Aliisema hapa mara mbili, ya pili kwa sauti. Lakini hiyo yenu ya kuuza, hapana. Koleo nimeweka chini. Sasa sema.